Kukandwa kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yenu

Tangu niseme nitajibu maswali ya ambao hawajawahi kwenda masaji, simu haijapumzika, na nilichoona ni kwamba wengi wenu hamuogopi maumivu, mnaogopa aibu. Kazi hii naifanya hapa Dar mwaka wa 11 sasa na hiyo aibu nakutana nayo mlangoni kila siku, kwa hiyo tuanze nayo.

Dada, kwani lazima nivue nguo zote? Mimi ni mama wa watoto watatu, sijawahi kuvua mbele ya mtu zaidi ya mume wangu na manesi.

Si lazima mama. Unavua mpaka pale roho yako inaporidhia, na chupi unabaki nayo. Inavyokwenda ni hivi, kwanza mnakaa mnaongea, unaulizwa una presha, una mimba, umewahi kufanyiwa upasuaji, unatumia dawa gani, wapi panauma, alafu terapisti anatoka nje unabaki mwenyewe, unavua, unalala kifudifudi uso kwenye lile tundu la kitanda, unajifunika shuka, ndo anabisha hodi. Asipobisha hodi hiyo ni dalili mbaya. Akianza na mguu wa kulia anafunua huo tu, shuka anaikunja na kuibana kando ya paja, akimaliza anaufunika ndo anahamia wa kushoto. Matiti na sehemu za siri haziguswi. Kama unataka mwanamke mwenzio akukande, sema pale pale unapopiga simu kuweka nafasi, wala hakuna atakayekushangaa.

Na kama kuvua kumekushinda kabisa, kuna masaji ya Kithai (ile UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019), hiyo unafanyiwa na nguo zako kwenye godoro chini, bila mafuta, unavutwa na kunyooshwa. Alafu mama, wewe ulipojifungua si ulikandwa maji ya moto? Na huku Pwani bi harusi si anasingwa na somo yake? Mikono ya kutunza mwili tumezaliwa nayo, sisi tumeiweka tu kwenye chumba chenye kitanda kirefu.

Mimi naendesha boda, mgongo na mabega yameshikana kama mbao. Nasikia dipu tishu, ile masaji ya kubonyeza kwa nguvu mpaka misuli ya ndani, inauma mpaka mtu analia, ndo inavyoponyesha?

Hapana kaka, na hili naomba lisambae. Kulia si kupona. Miaka yangu ya mwanzo alikuja kijana wa kazi za kubeba mizigo, nikamuuliza mara moja tu kama nguvu inatosha, akasema endelea dada, nikaendelea. Sikuangalia miguu yake. Vidole vya miguu vilikuwa vimekunjwa kama anashikilia kamba, pumzi ameibana, na misuli ya bega nilivyozidi kuibonyeza ndo ilivyozidi kukaza, manake mwili ukiona unaumizwa unajilinda. Kesho yake alikuwa na alama za damu kuvilia mgongoni. Kosa lilikuwa langu na sijalisahau. Siku hizi namwambia kila mteja, 1 ni sijasikia kitu, 10 ni niache sasa hivi, mimi nataka tubaki kwenye 6, ikifika 7 niambie. Maumivu mazuri yapo, yale ya kusema hapo hapo, lakini bado unapumua vizuri. Ukianza kubana meno, yamepita kiasi. Sema "punguza", neno moja tu, terapisti mwenye akili anashukuru.

Kesho yake unaweza kujisikia umechoka misuli kama umelima, siku moja au mbili inaisha. Ila kaka, ukishuka kitandani ukarudi kukaa kwenye pikipiki masaa 12 bila kushuka kujinyoosha, mabega yatarudi vile vile, masaji haiwezi kushindana na hilo peke yake.

Mimi mwanaume, naogopa mwili usije ukasimama katikati ya masaji, nitaficha wapi uso?

Inatokea, na terapisti aliyesoma anajua ni mwili tu umelegea. Atabadilisha sehemu anayokanda au ataongeza taulo, na mambo yanaendelea. Usiombe radhi. Kisichokubalika ni kumshika terapisti au kumuomba "huduma ya ziada", hapo kazi inasimama na unavaa unaondoka. Na mnisikilize wateja wote, wake kwa waume, kinyume chake ni hivyo hivyo, terapisti akianza kukugusa pasipohusika au kukudokezea mambo, kaa, jifunike, mwambie basi, toka. Hujamkosea mtu. Kuna watu wameichafua kazi hii mpaka mabinti wenye vyeti vyao wanaona aibu kuwaambia wazazi wao wanafanya kazi gani, na hilo linaniuma sana.

Ni kweli masaji inatoa sumu mwilini?

Hapana. Sumu inatolewa na ini na figo. Maji kunywa ukiwa na kiu.

Baba ametoka Mwanza kwa basi, mguu mmoja umevimba na unauma nyuma kwenye misuli ya chini ya goti. Nimlete akandwe?

Usimlete kwangu, mpeleke hospitali leo. Nakuandikia hivi kwa herufi za kawaida lakini nimekaza moyo. Mguu MMOJA uliovimba, una joto, unauma baada ya kukaa siku nzima kwenye basi, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ukikandwa lile bonge linaweza kukatika likapanda mpaka mapafuni, na hiyo inaua. Msimchue nyumbani pia, wala na mafuta ya nazi, wala jirani fundi wa kuchua asimguse. Akianza kubanwa na pumzi au kifua kuuma, hiyo ni dharura.

Wengine wa kusubiri au kuomba ruhusa ya daktari kwanza ni mwenye homa, mwenye kidonda au fangasi pale panapokandwa, aliyevunjika au kupasuliwa karibuni, mwenye presha isiyotulia, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Terapisti akikukatalia kwa sababu hizi, huyo amekupenda.

Nina mimba ya miezi mitano, kiuno kinaniua.

Hongera. Kwanza muulize nesi wako wa kliniki, hasa kama una presha au umewahi kutokwa na damu. Akikuruhusu, tafuta terapisti aliyefundishwa kukanda wajawazito. Utalala ubavu, mto katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo, sio chali muda mrefu na sio kifudifudi. Mikono iwe laini, hasa miguuni. Na asitokee mtu wa kukuminya tumbo eti anamweka mtoto sawa, hata akiwa shangazi.

Nile kabla? Na tipu je?

Kula kidogo, kama saa moja na nusu kabla, sio ugali wa kushiba ukaja kuulalia. Oga, njoo dakika 10 mapema, simu zima. Ukisinzia ukakoroma lala tu, sisi tunafurahi. Tipu ni hiari yako. Na mwisho usiruke kitandani, kaa kwanza pembeni miguu ikining'inia, kizunguzungu kikiisha ndo usimame.