Maswali ya Wasomaji: Biashara Iliyozaliwa Chuoni Itoke Lini Getini?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wenye kampuni chipukizi, na nyingi zinazunguka jambo moja: wabaki kwenye kituo cha kulea biashara cha chuo, au wajaribu programu za nje? Tumejibu tano.

Tuko watatu, mwaka wa 4, uhandisi. Kifaa chetu hupima joto la banda la vifaranga na kumtumia mfugaji ujumbe stima ikipotea. Kituo cha chuo kimetupa meza, intaneti na mlezi, na tumeshinda mashindano mawili ya hapa chuoni. Watu wanatusukuma tuombe programu za nje. Kwani huko kuna nini ambacho hapa hakuna?
*Wahandisi watatu, Juja*

Kuna wanunuzi wasiowajua. Mmetaja vikombe viwili lakini hamkutaja mmeuza vifaa vingapi, na hapo ndipo penye jibu. Jaji wa mashindano ya chuo huangalia wazo na namna mnavyolieleza. Mfugaji wa Thika aliyepoteza vifaranga 300 usiku mmoja huangalia kama kifaa kiliita au hakikuita.

Maabara pia huficha makosa. Pale stima haipotei sana, waifai iko kila kona na meza haina vumbi. Bandani, joto la wiki ya kwanza huwa nyuzi 32 hadi 35, kisha hushushwa kama nyuzi 3 kila wiki. Maranda hutimua vumbi. Kinyesi kikilowa hutoa amonia, na amonia pamoja na unyevu hula nyaya, viungo vya solda na vipimajoto visivyofunikwa. Kifaa kilichokaa vizuri siku 3 mezani hakijawaambia lolote kuhusu siku ya 20 bandani. Halafu kuna kosa ambalo tumeliona kwenye miundo mingi ya aina hii: onyo la kupotea kwa stima linategemea rauta, nayo rauta inatumia stima hiyo hiyo. Mnahitaji betri na laini ya simu ndani ya kifaa. Mkishaweka laini ya simu, kifaa kimekuwa cha mawasiliano, nacho kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa Kenya. Mlezi ambaye hajawahi kuuza kifaa cha umeme huenda asilitaje hilo mpaka mzigo wa kwanza ushatengenezwa.

Programu ya nje inayoshughulika na kilimo au na vifaa huwa na watu waliopitia hayo yote. Huwakutanisha na watotoleshaji vifaranga na wenye agroveti, yaani watu wanaoweza kuchukua vifaa 50 kwa mara moja badala ya kimoja kimoja. Karakana za pamoja kama Gearbox hapa Nairobi zina mashine za kutengenezea sampuli ambazo vyuo vingi havina, au vinazo lakini zimefungiwa mpaka fundi wa maabara arudi kutoka likizo. Jambo jingine ni majirani wa meza. Chuoni wote wana umri wenu, wamesoma mlivyosoma, na wanakosea mnapokosea. Nje mtakaa karibu na mtu wa miaka 40 aliyefanya kazi ya usambazaji miaka 15. Chai moja naye yaweza kuwaokoa miezi.

Hata hivyo, msihame. Meza ya bure, maabara na barua yenye mhuri wa chuo ni vitu ghali mno huko nje. Na si lazima "nje" iwe mbali. Vituo vingine vya vyuo hupokea hata wasio wanafunzi wao, kwa hiyo kabla ya kuwaza ng'ambo, ulizieni C4DLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iBizAfrica ya Strathmore na kituo cha Chandaria pale Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, uzeni vifaa 5, kwa pesa, kwa watu wasio jamaa wala wahadhiri wenu. Viacheni bandani wiki 4 kamili, mzunguko mmoja wa kulea vifaranga kwa joto. Andikeni kila kilichoharibika: tarehe, saa, sababu, na mlichobadilisha. Daftari hilo litawasemea kuliko vikombe viwili.

Nina wazo na wateja 12 wa hosteli ninaowafulia nguo kwa mashine ya kukodi. Sijasajili kampuni. Kuna programu inayoweza kunichukua?
*Mfuaji, Kahawa Wendani*

Zipo, ila usizichanganye kwa sababu kila aina inatafuta mtu tofauti.

Ya kwanza ni ruzuku na tuzo. Tony Elumelu Foundation huwapa wajasiriamali wa Afrika wenye miaka 18 na zaidi mafunzo, na wanaofuzu hupata dola 5,000 ambazo hazirudishwi. Maombi hufunguliwa Januari 1 na kufungwa Machi 1, na anayeanza kujaza wiki ya mwisho hukutana na mtandao uliolemewa. Hult Prize ni ya timu za wanafunzi, huanzia chuoni, na zawadi ya fainali ni dola milioni 1. Usipange bajeti yako juu ya milioni hiyo. Faida halisi kwa timu nyingi ni kulazimika kueleza biashara yao kwa dakika chache mbele ya watu wasiowahurumia.

Ya pili ni programu za kuharakisha ukuaji, ambazo hutoa pesa na kuchukua hisa. Hizi hutaka kampuni iliyosajiliwa au utayari wa kuisajili, na hutaka kuona mauzo yakipanda. Kwa wateja 12, bado mapema. Ya tatu ni programu zinazochukua mtu kabla ya kampuni, zikamtafutia mwenzake wa kuanza naye. Nyingi hutaka uache mengine yote, na kwa mwanafunzi hapo ndipo mambo hugota.

Wewe anza na aina ya kwanza, na leo hii fanya jambo moja: tenganisha pesa. Pata Till ya biashara, yaani namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa, ili malipo yasichanganyike na pesa ya nauli na ile ya nyumbani. Msomaji wa maombi akiomba rekodi ya miezi 6, utatoa taarifa safi ya M-Pesa badala ya kukaa usiku ukipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Jina la biashara husajiliwa kwa kama KSh 1,000 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kampuni yenye dhima yenye kikomo ni KSh 10,650, na tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 mtu mmoja peke yake anaweza kuisajili. Usikimbilie kampuni kabla ya kuihitaji. Ikishapata PIN ya KRA, namba ya mlipakodi, inadaiwa ritani ya kodi kila mwaka hata kama haikuuza kitu, na kuchelewa kunaweza kukugharimu KSh 20,000. Wanafunzi wengi husajili ili wapate cheti cha kupiga picha, kisha deni huwakuta wakiwa kwenye atachimenti.

Programu moja hapa mjini inatupa KSh 1,500,000 kwa asilimia 8 ya hisa. Ila mkataba unasema KSh 900,000 kati ya hizo ni gharama ya mafunzo na ofisi, zinakatwa kwanza. Ni haki?
*Wawili wa Madaraka*

Pigeni hesabu mara mbili. Kwenye karatasi, 1,500,000 kwa asilimia 8 ni kusema kampuni yenu ina thamani ya KSh 18,750,000. Lakini pesa itakayoingia benki ni 600,000. Gawanyeni kwa 0.08: thamani halisi mnayokubali ni KSh 7,500,000. Kisha ulizeni kama mafunzo yale mngeyanunua kwa 900,000 kama mngekuwa na pesa hiyo mkononi. Mkijibu hapana bila kufikiri, mmeshajijibu.

Kwa kulinganisha tu, Y Combinator, programu ya kuharakisha ukuaji ya Marekani, hutoa dola 125,000 kwa asilimia 7, na dola 375,000 zaidi kwa masharti yatakayowekwa na mwekezaji ajaye, na haikati ada ya mafunzo. Hatusemi programu ya Nairobi ilipe hivyo. Tunasema ada iliyofichwa ndani ya uwekezaji si desturi ambayo lazima muizoee. Ombeni moja kati ya mawili: ada iondolewe, au hisa zishuke zilingane na pesa taslimu. Wakikataa yote mawili na hawana mteja hata mmoja wa kuwakutanisha naye, ageni kwa heshima.

Kumbukeni pia kwamba hisa hupungua kila anapoingia mtu. Kila mmoja wenu akiwa na asilimia 50, baada ya programu kuchukua 8 mnabaki na 46 kila mmoja. Akija mwekezaji wa asilimia 20 mnabaki na 36.8. Si vibaya, mradi kila aliyepewa alileta kitu.

Na ninyi wenyewe kwa wenyewe mmeandikiana? Urafiki wa hosteli si mkataba. Mmoja akimaliza chuo akapata kazi ya benki na kuondoka na nusu ya kampuni, hakuna mwekezaji atakayewagusa. Dawa yake ya kawaida ni hisa kuiva taratibu kwa miaka 4: anayeondoka kabla ya mwaka 1 haondoki na kitu, mwaka ukitimia robo imeiva, na zilizobaki huiva kidogo kidogo kila mwezi. Andikeni hilo kabla ya kusaini na mtu wa nje, maana baadaye kila mtu huwa na wakili.

Nikipeleka mradi wangu wa mwaka wa mwisho kwa programu ya nje, chuo hakitadai ni chake? Na wakiniibia wazo?
*Mwenye hofu, Ngara*

Hofu mbili, na ya kwanza ndiyo ya kweli. Tafuta sera ya ubunifu ya chuo chako na uisome yote. Iko kwa ofisi ya utafiti au maktaba. Angalia maneno matatu: "rasilimali za chuo", "ufadhili" na "msimamizi". Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, uvumbuzi uliofanywa kwa mujibu wa mkataba wa ajira kwa kawaida ni wa mwajiri. Mwanafunzi anayelipa karo si mwajiriwa. Lakini ukilipwa kama msaidizi wa utafiti, au ukitumia ruzuku aliyoipata mhadhiri wako, hali inabadilika. Andika barua kwa ofisi hiyo ukieleza ulichotengeneza na ulichotumia, na uombe jibu la maandishi kabla ya kusaini chochote nje. Programu makini zitakuuliza, na "chuo hakijasema kitu" si jibu.

Kuhusu wizi: wazo tupu halina hakimiliki. Msimbo wa programu ulioandika unalindwa na sheria ya hakimiliki. Kama una uvumbuzi wa kiufundi, wahi KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya iliyoko South C, kabla ya kupanda jukwaani. Kenya huvumilia uvumbuzi uliotangazwa na mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi, lakini Ulaya kwa kawaida haivumilii, na video ya dakika 3 iliyowekwa mtandaoni na waandaaji inatosha kukuharibia. Usiwasumbue majaji kwa mkataba wa usiri, wengi hawasaini. Eleza kifaa kinamfanyia nini mteja, na unyamaze kuhusu kinavyofanya kazi ndani.

Tumekubaliwa na programu ya Marekani ya wiki 12, kwa njia ya mtandao. Vipindi ni jioni yao, na wanataka kampuni isajiliwe jimbo la Delaware. Tuko mwaka wa 3. Tukubali?
*Mtu na dadake, Rongai*

Anzeni na saa. Kipindi cha saa kumi jioni San Francisco ni saa nane usiku Nairobi wakati wa majira yao ya joto, na saa tisa usiku wakati wa baridi yao. Mara 3 kwa wiki kwa wiki 12 ni usiku 36. Vyuo vingi hapa hudai uhudhurie angalau theluthi mbili za mihadhara ndipo uketi kwa mtihani, na anayelala saa kumi na moja alfajiri hukosa darasa la saa mbili. Ulizeni kama vipindi hurekodiwa na kama mmoja wenu anaweza kuhudhuria kwa niaba ya wote wawili, kisha pokezaneni. Mkiona haiwezekani, ombeni chuo rasmi kuahirisha muhula, na mjulishe HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama mna mkopo, kuliko kupotea kimyakimya.

Delaware si mtego, ila ina gharama zinazokuja kila mwaka hata bila mauzo. Kodi ya jimbo na ripoti hudaiwa kufikia Machi 1. Kampuni yenye hisa 10,000,000 ikikokotolewa kwa njia ya kwanza ya jimbo, ya idadi ya hisa, bili husoma dola 85,165, na wengi hushtuka nusura wazimie. Kuna njia ya pili, ya thamani ya mali, ambayo kwa kampuni changa hushusha kodi hadi dola 400. Lazima muichague wenyewe. Juu ya hiyo, kampuni ya Marekani ambayo mgeni ana asilimia 25 au zaidi huwa na fomu 5472 ya kuripoti miamala baina yake na wenyewe, na faini ya kutoiwasilisha huanzia dola 25,000. Pesa mtakazotuma kulipia kikoa cha tovuti zinaweza kuhesabika kuwa muamala.

Kwa hiyo waulizeni swali moja kwa baruapepe: usajili ni sharti la kuingia, au ni sharti la kupokea pesa? Kama ni la kupokea pesa, hudhurieni wiki 12 mkiwa na kampuni yenu ya Kenya, na msajili Delaware siku ambayo pesa zimeshawekwa kwenye mkataba. Kama ni la kuingia na hakuna pesa, hiyo ni bili ya mhasibu wa Marekani mnayonunua pamoja na mafunzo. Ombeni wailipe wao, walau ya mwaka wa kwanza.