Mtaalamu wa umeme hospitalini

SWALI: Mzee Fundi, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa hospitali ya kaunti, Kenya. Wakubwa wanataka kuajiri mtaalamu wa nishati ashinde hapa hapa. Mshahara wake si mzigo mwingine?

JIBU: Marahaba. Itazame bili yenu vizuri, mwanangu. Mteja mkubwa halipii uniti tu: kuna malipo ya kilele cha matumizi (pale mlipovuta umeme mwingi zaidi kwa mpigo mwezi huo), na adhabu pawafekta, yaani sehemu ya umeme mnaovuta inayofanya kazi ya kweli, ikishuka chini ya 0.9. Mkaguzi wa kupita huacha ripoti ikalala kabatini (nimeziona, zina vumbi). Anayeshinda hapo ndiye atakayeikuta boila ikichemka usiku kucha na chumba cha kufulia kimefungwa, au kapasita, vifaa vya kuinua pawafekta, zimekufa. Mpeni mita ndogo kila jengo na ufunguo wa chumba cha jenereta. Mkimnyima, msimwajiri.