Saa moja na robo Schiphol: je, mama atawahi ndege ya Oslo?

SWALI: Naishi Oslo. Mama yangu ana miaka 68, anatoka Dar es Salaam kuja kunitembelea, na hajawahi kupanda ndege. Wakala amempa tiketi ya KLM inayopitia Amsterdam. Pale kati ya kufika na kuondoka kuna saa 1 na dakika 15. Magoti yanamsumbua na Kiingereza anaambulia maneno machache tu. Viza ya Norway ameshapata. Muda huo unamtosha? Na mizigo ataichukulia wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa kompyuta ya wakala muda unatosha. Kila uwanja una muda wa chini ambao mfumo wa tiketi unaukubali kwa abiria anayebadilisha ndege, na kwa Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, muda huo ni chini ya saa moja. Kwa hiyo wakala hajakudanganya. Lakini kipimo hicho kinamfaa mtu mwenye miguu mizima, anayesoma vibao bila shida, na ndege yake ikawa imefika kwa wakati. Mimi kazi yangu ni kukata tiketi, na kwa mama yako hiyo nisingeikata. Mtafutie yenye saa mbili na nusu au tatu. Ndege za Oslo kutoka Amsterdam ni kadhaa kwa siku, kwa hiyo mara nyingi ni suala la kumhamishia kwenye inayofuata.

Nikueleze dakika zinapotelea wapi.

Schiphol imejengwa mahali palipokuwa ziwa hadi 1852 lilipokaushwa, na ardhi yake iko zaidi ya mita 3 chini ya usawa wa bahari. Uwanja ulianza 1916 kama uwanja wa jeshi. Leo una njia sita za kurukia na kutua, na ile ya mbali zaidi, Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, iko mbali kiasi kwamba ndege ikishatua hapo hutembea ardhini robo saa au zaidi kabla ya kufika kwenye jengo. Inavuka hata juu ya barabara kuu ya magari. Njia gani itumike siku hiyo, upepo ndio huamua kwa sehemu kubwa. Mwambie mama mapema: magurudumu yakigusa chini, atulie kwenye kiti, safari ya ardhini bado ipo.

Jengo lenyewe ni moja tu, na hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu hakuna kupanda basi kwenda jengo jingine. Limetoa mikono mirefu yenye majina ya herufi. Ndege za kutoka kwetu hufikia upande wa nje ya Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao), kama E au F. Ndege ya Oslo huondokea upande wa Schengen, kama B, C au sehemu ya D. Kati ya pande hizo mbili kuna ukaguzi wa usalama, kuna dirisha la pasipoti, halafu kuna kutembea ambako mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia dakika 20. Na ndege za usiku kutoka Afrika hufika asubuhi, saa ambazo ndege nyingi za mabara mengine nazo zinatua ili abiria wagawanywe kwenye ndege za Ulaya. Foleni ya pasipoti utaikuta hapo hapo.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: kwa kuwa Norway iko ndani ya Schengen, mama ataingia Schengen pale Amsterdam. Afisa wa Uholanzi ndiye atakayemuuliza anakwenda kwa nani na atarudi lini. Oslo hapitii tena dirisha la pasipoti. Tena tangu 12 Oktoba 2025 kuna mfumo mpya wa kuandikisha wageni wa muda mfupi, na anayeingia mara ya kwanza huchukuliwa alama za vidole na picha ya uso. Hayo nayo yana dakika zake. Barua yako ya mwaliko, bima, tiketi ya kurudi na namba yako ya simu viwe kwenye bahasha, na bahasha iwe ndani ya mkoba wake. Nimewahi kuona mama mmoja aliyeifungia bahasha yake vizuri kabisa katikati ya vitenge, ndani ya sanduku lililokwishapelekwa kwenye ndege.

Mizigo hataichukua Amsterdam bali Oslo, mradi tiketi ni moja. Pale kaunta ya Dar, atazame lebo inayofungwa kwenye sanduku: iandikwe OSL. Ikiandikwa AMS peke yake, aseme kabla hajaondoka kaunta. Kuhusu vyakula, asibebe nyama wala samli wala maziwa, kwani haviruhusiwi kuingia. Dagaa wakavu wanaruhusiwa. Embe nazo ziachwe, zinadai cheti cha afya ya mimea.

Saa pia inachanganya. Amsterdam iko nyuma ya Dar kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, na boding pasi huandikwa kizungu: 09:20 ni saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mwandikie kwa Kiswahili kwenye karatasi.

Mwombee wilichea, yaani kiti cha magurudumu. Ni bure kwa mujibu wa kanuni za Ulaya, na iombwe angalau saa 48 kabla ya safari. Atasukumwa kutoka mlango wa ndege, atapitishwa kwenye ukaguzi na pasipoti, hadi geti la Oslo, na hapo suala la lugha linapungua sana. Lakini abiria wa wilichea huteremshwa mwisho, wenzake wote wakishatoka. Kwenye saa moja na robo, dakika hizo ndizo zingemkosesha ndege.

Akiikosa ndege ya Oslo kwa sababu ile ya kwanza imechelewa, na tiketi ni moja, shirika lina wajibu wa kumpandisha ndege nyingine bila malipo na kumlisha akisubiri. Akifika Oslo amechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, kanuni ya Ulaya ya 2004 inampa hadi euro 600 kwa umbali huo. Ukungu au dhoruba havihesabiwi kuwa kosa lao. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazina ulinzi huo, hata ziwe nafuu namna gani.

Wasomaji wenye pasipoti ya Kongo-Kinshasa au Somalia, zingatieni: ninyi mnahitaji viza ya kupitia uwanjani hata msipotoka nje ya jengo, isipokuwa kama mna kibali kinachowaondolea sharti hilo, mfano viza hai ya Marekani au Kanada. Watanzania na Wakenya hawamo kwenye orodha hiyo.

Ukishabadilisha tiketi, mwombe wakala akutumie nakala na utafute herufi WCHR. Ndiyo alama ya abiria anayepanda ngazi mwenyewe lakini hawezi mwendo mrefu. Kama ngazi zinamshinda, iwe WCHS. Ionekane kwenye vipande vyote viwili, Dar–Amsterdam na Amsterdam–Oslo. Mara nyingi mawakala huiweka kwenye kipande cha kwanza tu.