Lehemu imepanda baada ya kuanza dawa ya baridi yabisi: niache?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 52, ni mwalimu, sivuti sigara na sina kisukari. Mwaka jana niligunduliwa nina baridi yabisi ya viungo. Wakati huo ESR, kile kipimo cha damu cha kuona ugonjwa umewaka kiasi gani, ilikuwa 78 na lehemu yote 3.9 (LDL, ile mbaya, 2.3; HDL, ile nzuri, 0.8). Nimetumia methotreksati miezi minane, mwanzoni pamoja na prednisoloni. Sasa nafunga vifungo vya blauzi mwenyewe na ESR imeshuka hadi 18, lakini lehemu imepanda hadi 5.1 (LDL 3.1, HDL 1.3), na chakula sijabadili. Je, dawa inanitibu vidole huku ikiniharibu moyo? Niiache?

Jibu: Nzuri, mama. Usiiache. Tena ukiniuliza ni namba ipi inanitia wasiwasi, nitakuonyesha ile 3.9 ya mwaka jana kabla ya hii 5.1 ya sasa.

Ugonjwa huu una jina la kupotosha. Tunauita baridi yabisi, watu wanalaumu sakafu ya saruji na maji ya alfajiri, kumbe ndani yake ni moto mtupu. Kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani wa viungo, na kemikali zinazomwagwa hapo, mojawapo ikiitwa intalukini-6, hazibaki vidoleni. Zinasafiri na damu. Zikifika kwenye ini, ini linaanza kutengeneza protini za dharura, na hizo ndizo zilizopandisha ESR yako hadi 78. Wakati huohuo chembe za LDL huondolewa kwenye damu kwa kasi kuliko kawaida. Ukipimwa siku hizo, lehemu inaonekana ndogo na mgonjwa anapewa hongera. Lakini haikushushwa na mchicha wala mazoezi, imeshuka kwa sababu mwili uko vitani. Hata mtu mwenye maambukizi makali, au aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa, lehemu yake hushuka kwa muda.

Moto wako umepoa, na lehemu imerudi pale ilipokuwa. Kama una karatasi ya vipimo ya kabla hujaugua, itafute. Sitashangaa ikisoma karibu na hii ya sasa.

Sasa HDL, ambayo watu huisahau. Kazi yake ni kuichukua lehemu kutoka kwenye kuta za mishipa na kuirudisha kwenye ini. Moto ukiwaka, HDL hupungua, na hata ile inayobaki hubadilika: protini yake kuu husukumwa nje na nafasi yake kuchukuliwa na mojawapo ya zile protini za dharura. Inabaki na jina la lehemu nzuri, kazi haiwezi. Ndiyo maana napenda kugawanya lehemu yote kwa HDL badala ya kuitazama peke yake. Mwaka jana ulikuwa na 3.9 kwa 0.8, yaani karibu 4.9. Leo ni 5.1 kwa 1.3, yaani 3.9. Kwa hesabu hiyo umepata nafuu, ingawa karatasi inaonekana kusema kinyume.

Mishipa yenyewe inaumia kwa kemikali zilezile. Ngozi laini ya ndani ya mshipa inakuwa kama inanata, chembe nyeupe za damu zinajishika na kupenya, zinameza LDL, na donge la mafuta linaanza kujengeka. Donge lililojaa moto hupasuka kwa urahisi, damu ikaganda juu yake, na hapo ndipo shambulio la moyo au kiharusi hutokea. Kwa hiyo wenye baridi yabisi wana hatari ya magonjwa hayo karibu mara moja na nusu ya wenzao, hata kama lehemu yao ni ya chini.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa swali kama lako. Wagonjwa zaidi ya 3,000 wa baridi yabisi waligawanywa, wengine wakapewa tosilizumabu, inayoziba njia ya intalukini-6, wengine etanasepti, dawa nyingine ya viungo. Tosilizumabu iliipandisha LDL kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko mwenzake, lakini matukio ya moyo katika makundi hayo mawili yalikaribiana sana. Hiyo haina maana kwamba kila dawa ya viungo ni salama kwa moyo: tofasitinibu ilionekana kuwa na matukio mengi zaidi kwa watu wa miaka 50 na kuendelea wenye vihatarishi. Methotreksati haimo kwenye lawama hizo.

Lakini sisemi 5.1 tuipuuze. LDL ya 3.1 ni halisi, na sasa ndio wakati wa kuitathmini, maana EULAR, muungano wa Ulaya wa tiba ya viungo, unashauri lehemu ipimwe ugonjwa ukiwa umetulia. Daktari wako akitumia jedwali la WHO la kukadiria hatari ya moyo, mkumbushe kwamba jedwali hilo halina kisanduku cha baridi yabisi. Jibu alizidishe kwa 1.5: likisoma asilimia 6, lihesabiwe 9. Uingereza huanza kuzungumzia statini, yaani dawa za kushusha lehemu, hatari ikifika asilimia 10 kwa miaka kumi, na statini hufanya kazi kwa wagonjwa wa viungo kama kwa wengine. Ukianzishiwa, vipimo vya ini unavyofanya kwa ajili ya methotreksati vitasaidia kufuatilia dawa zote mbili. Aangalie pia tezi ya shingo, kwa sababu ikilegea hupandisha lehemu, na tatizo hilo si geni kwa wanawake wenye ugonjwa wako.

Kinachonitisha zaidi ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Inauzwa kama karanga, na kila mwenye viungo vinavyouma ana karatasi yake kwenye pochi. Ikitumiwa kila siku huongeza hatari ya shambulio la moyo. Prednisoloni nayo, kama bado unaimeza kidogokidogo, inapandisha sukari na presha. Muulize daktari mpango wa kuipunguza, usiikate ghafla.

Halafu jambo hili, kwa sababu umezoea maumivu: kwa wagonjwa wa baridi yabisi shambulio la moyo linaweza kuja bila kile kifua kubana cha kwenye sinema. Ukihema bila sababu, ukatokwa jasho jembamba, ukachoka ghafla au taya likauma, nenda hospitali mara moja.

Umeniandikia ESR, LDL na HDL, lakini presha hukuitaja. Bila hiyo jedwali halijazwi. Kapime wiki hii, mkono ukiwa mezani na umekaa dakika tano bila kuongea.