Kutoa milango ya mkonga: boliti ndiyo kazi ndogo

Mkuu, umeuliza kama ukitoa milango ya mkonga wako, hilo gari lako la porini, bodi italegea, na kazi yenyewe ikoje. Mimi wangu, Land Cruiser ya milango miwili, niliutoa milango hapa Tabora nikautembeza hivyo kiangazi kizima.

Bodi haitalegea. Bodi ya gari lile imekaa juu ya chesesi, ile fremu ya chuma ya chini, mlango haubebi chochote zaidi ya uzito wake. Ila kabla hujagusa boliti, chora kwa msumari kuzunguka kila bawaba pale ilipokaa. Mimi nilidharau hili, na siku ya kurudisha tulihangaika na fundi kutwa nzima: upande mmoja unafunga, mwingine unagonga nguzo. Boliti zilizoganda zimwagie mafuta ya kulainisha jioni, uzifungue asubuhi. Chini ya mlango weka jeki na ubao, kwanza toa ule mkono mdogo unaouzuia usifunguke kupita kiasi, kisha bawaba. Boliti zirudishe kwenye matundu yake zisipotee. Kama vioo vyako ni vya umeme, chomoa soketi za waya. Vyangu ni vya kuzungusha.

Sasa yanakuja ambayo hakuna aliyeniambia. Swichi ya taa ya ndani hubonyezwa na mlango. Hakuna mlango, gari linaamini uko wazi, taa inawaka usiku kucha, betri inaisha, na asubuhi unasukumwa na watoto wa jirani. Izime kwenye taa yenyewe au toa balbu. Vioo vya pembeni navyo vinaondoka na mlango, kwa hiyo tafuta vya kufunga kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Bila hivyo usiingie lami, na mkanda usiuvue hata porini, maana kona moja ya mchanga inatosha kukumwaga.

Halafu mbung'o, wale nzi wa porini wanaofyonza damu. Sijui uko wapi, lakini ukishapita Sikonge, kusini mwa Tabora, ukaingia misitu ya miombo kuelekea kwenye mizinga ya nyuki, hao ndio wenye nchi. Wanafuata kitu kinachotembea, na wanapenda bluu iliyokoza na nyeusi. Ndiyo maana vile vitambaa vya kuwatega vina rangi hizo. Gari langu ni la bluu. Ukipunguza mwendo kwenye mchanga wanaingia kama abiria waliolipa nauli, na wanachoma hadi kupenya suruali ya jinzi. Wapo wanaobeba vimelea vya ugonjwa wa malale, kwa hiyo si mchezo wa kuwasha tu.

Milango niliirudisha kabla ya mvua za Novemba. Kwa safari za porini nimechomelewa milango nusu ya bomba, nimeivalisha turubai la khaki. Mbung'o wa juu bado wanaingia, ila paja langu la kulia limepona.