Maswali ya Karakana: Kubandua Rangi ya Baiskeli na Kurudisha Mng'ao wa Chuma

Barua za mara hii karibu zote zinauliza jambo moja: rangi ya zamani itoke, chuma kionekane. Kabla ya kusoma jibu lolote hapa chini, chukua sumaku uibandike kwenye fremu yako. Ikinata, ni chuma. Isiponata kabisa, mara nyingi ni alumini. Ikinata kwa uvivu mahali fulani tu na kwingine inashika barabara, hapo pana puti, na chini ya puti huwa pana kitu ambacho muuzaji hakutaka ukione.

Nina Phoenix inchi 28 niliyoachiwa na babu. Imepakwa rangi kwa brashi mara nne au tano, na ya mwisho ni ile ya mageti. Nataka nitoe yote, kisha nipulize klia (rangi angavu isiyo na rangi yoyote) peke yake ili chuma chenyewe kionekane. Nianzie wapi?
*Msomaji, Tanga mjini*

Kuanza utaanza vizuri. Hapo unapotaka kuishia ndipo penye shida, lakini tutafika.

Fungua kila kitu hadi ibaki fremu tupu. Pini za krenki ndizo huwatoa watu jasho: usiitoe nati yote, ilegeze hadi ilingane na ncha ya pini, kisha piga nyundo juu ya nati ili nyuzi zisifumuke. Chini ya krenki weka kipande cha bomba au gogo, pigo liishie hapo badala ya kuumiza gololi. Nembo ya mbele ing'oe kwa kutoboa ripiti zake. Namba iliyogongwa kwenye fremu ikague na uiandike mahali, maana msasa mkali huifuta.

Kwa rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi, dawa rahisi ni kostiki soda, ileile wanayonunua watengeneza sabuni. Kazi yake ni ileile pia: mafuta yaliyomo ndani ya rangi yanageuka sabuni na rangi inaachia. Rangi ya kiwandani iliyo chini kabisa, iliyookwa kwenye tanuri, itabisha zaidi, na rangi ya poda haitajali kabisa.

Chukua ndoo ya plastiki, kamwe isiwe sufuria ya alumini. Weka lita moja ya maji baridi, kisha mimina gramu 150 za kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimimina maji juu ya kostiki yatachemka papo hapo na kukurukia usoni. Acha ipoe. Pembeni koroga gramu 100 hivi za unga wa muhogo kwa maji kidogo, uchanganye humo taratibu. Utaona uji unashikana wenyewe bila moto, maana kostiki huivisha wanga ikiwa baridi. Uji huo ndio unaonata kwenye mabomba. Maji matupu yangechuruzika tu.

Vaa glavu ndefu za mpira na miwani inayoziba pembeni. Ziba matundu ya fremu kwa vizibo vya mti. Paka unene wa milimita 3 hadi 5, funika kwa nailoni ili usikauke, acha saa mbili hadi nne. Kwangua kwa kipande cha mti. Mikono mitano ya rangi inaweza kudai mizunguko miwili. Ikikudondokea mwilini au machoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 bila kusita, na kama ni jicho nenda hospitali moja kwa moja. Usijimwagie siki.

Suuza fremu hadi ule utelezi uishe, toa vizibo, mwaga maji ndani ya mabomba pia, kisha pitisha nusu kikombe cha siki katika lita tano za maji, na usuuze tena. Ining'inize juani, uigeuze pande zote. Mabomba ya nyuma yana vitundu vidogo karibu na maungio, na maji yaliyosahauliwa humo hutoka siku ya kupiga rangi, yakachora mstari wa kahawia juu ya praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine.

Mabaki yamalize kwa msasa, lakini msasa wa maji. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto wanaocheza uani. Namba 80 kwenye kutu pekee, 120 kwingine, malizia 180. Grenda iache. Maungio ya fremu hizi yameunganishwa kwa shaba, na diski hula shaba na ukingo wa bomba kabla hujainua mkono. Vishimo vya kutu visivyofikiwa na msasa vipake asidi ya fosforiki ya kuulia kutu kwa robo saa, kisha osha na ukaushe.

Sasa hiyo klia. Praima ina chembe za kuzuia kutu, klia haina. Tena klia hupitisha unyevu kidogo kidogo, na hewa ya Tanga ina chumvi. Miezi michache tu, kuanzia kwenye kila mkwaruzo wa kokoto na kila kona ya maungio, utaona nyuzi za kahawia zikitambaa chini ya klia kama njia za mchwa. Huwezi kuzitibu bila kubandua upya yote. Kwa mtu wa pwani ushauri wetu ni mmoja: praima ya epoksi mikono miwili myepesi, juu yake rangi ya fedha, kisha klia. Kwa mbali itaonekana kama ulivyotaka. Makopo ya kupuliza ya mililita 400: praima moja, rangi mawili, klia moja au mawili. Praima ianze siku hiyohiyo uliyopiga msasa, tena ndani ya saa moja au mbili, kwani chuma kitupu kikilala usiku mmoja Tanga kinaamka chekundu. Kabla ya praima futa kwa thina safi. Petroli huacha mafuta.

Kama roho haitulii bila kuona chuma chenyewe, basi badala ya klia tumia nta. Endelea na msasa 240, 320, 400, kisha waya laini. Yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, uiondoe mbali na jiko, ndipo uongeze sehemu tatu za tarapentaini. Paka kwenye fremu iliyoota jua hadi ikapata joto, sugua kwa kitambaa. Dodoma au Tabora utarudia kila mwezi. Tanga, wakati wa mvua, kila wiki mbili, na isilale nje. Faida yake ni kwamba doa likitokea unalisugua na kupaka tena hapohapo.

Mafuta ya injini ya kulinda ndani ya mabomba, kama vijiko vitatu vya chakula na kuizungusha fremu, yawe kazi ya mwisho kabisa. Ukiyaweka mapema yatavuja kwenye vitundu na praima itakataa kushika.

Fundi wa mtaani kwetu anaweka fremu juu ya mkaa, rangi inaungua, anapangusa. Ni haraka sana. Kuna ubaya?
*Msomaji, Tabora*

Upo. Moshi wake una sumu, na risasi ikiwemo inaingia kifuani mwa fundi na wanaomzunguka. Joto la mkaa halilingani, hivyo bomba linapinda kidogo na gurudumu la nyuma halikai tena katikati. Chuma kinabaki na magamba meusi ambayo ni magumu kuliko rangi iliyokuwapo. Kwa alumini ni hasara kamili: ugumu wake ulitengenezwa kwa joto kiwandani, na ukipita nyuzi 200 za selsiasi unaanza kupotea, bila fremu kubadilika sura. Itapasuka baadaye, ukiwa juu yake.

Nimenunua baiskeli ya milima ya mtumba, fremu ya alumini. Nataka ing'ae kama kioo. Kostiki inafaa?
*Msomaji, Nairobi*

Hapana. Kostiki hula alumini yenyewe, inatoa povu la hidrojeni na kuacha uso mweusi wenye vishimo. Tumia jeli ya kuondoa rangi ambayo lebo yake inasema inafaa alumini, na usome iliyomo. Zile zenye dikloromethani zinafanya kazi kwa dakika chache, lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama chumbani, na ukiuvuta mwili unaugeuza kuwa monoksidi ya kaboni. Marekani ilizipiga marufuku kuuzwa kwa watu wa nyumbani mwaka 2019. Zenye alkoholi ya benzili ni za polepole, pengine usiku kucha chini ya nailoni, lakini utaamka salama.

Rangi ikitoka, usishangilie bado. Chukua multimita, ile mita ndogo ya mafundi umeme, weka ncha zote mbili juu ya alumini. Isiposoma mkondo, kuna ganda gumu la oksidi liitwalo anodaizi, na ganda hilo haling'ai. Itabidi msasa ulitoe. Anza 240, kisha 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000, kuanzia 400 ukitumia maji yenye tone la sabuni. Kila namba isugue kwa mwelekeo unaokata ule uliopita, na usihamie inayofuata mpaka mistari ya nyuma imepotea yote. Watu huruka namba ili kuokoa saa moja, kisha polishi inawaonyesha mikwaruzo ya 320 ikiwa imeng'aa vizuri sana. Usianzie kwa msasa mkali kuliko 180, maana kuta za mabomba mengine katikati ni nyembamba kuliko milimita moja na nusu.

Waya wa kusugulia sufuria usiuguse hapa. Chembe zake za chuma hubaki ndani ya alumini na kuota kutu. Polishi ya metali kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kitakuwa cheusi tii, ndivyo kinavyopaswa kuwa. Maliza kwa nta ya gari, urudie kila mwezi au miwili. Klia juu ya alumini iliyong'arishwa haina pa kushika, inabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Faida moja ya kazi hii hukuitaja: utaona nyufa. Futa maungio ya welding kwa thina na uangalie juani. Mstari mweusi mwembamba unaorudi kila ukiufuta ni ufa, na fremu hiyo haipandwi tena.

Usukani na rimu zangu za kromu zina vidoa vya kutu. Nipige msasa?
*Msomaji, Unguja*

Msasa utaimaliza kromu kwa mpito mmoja. Unene wake kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake. Vidoa unavyoviona vimetoka kwenye chuma na kupenya vitundu visivyoonekana kwa macho.

Kunja karatasi ya alumini ya jikoni, ichovye kwenye maji yenye siki kidogo, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, na kutu hutoka kama tope la kahawia. Suuza, kausha, paka nta. Kwenye rimu, usipake nta pale raba za breki zinaposhika. Palipoinuka na kukwaruza ukucha, kromu imekwisha kubanduka, na hapo ni kuivumilia au kuipeleka kwa wanaochovya upya. Kuitoa kromu mwenyewe kwa asidi au umeme usijaribu, kwani mabaki yake yanaleta saratani.

Keria na madigadi yangu ya chuma yana kutu kwenye mikunjo, brashi haifiki. Nisaidieni.
*Msomaji, Kisumu*

Hapa mtumie magadi. Ndoo ya plastiki, lita 15 za maji, gramu 250 hadi 300 za magadi yaliyopondwa. Magadi soda safi ni bora. Yale ya sokoni yana chumvi, yanafaa lakini suuza vizuri zaidi. Tundika keria ndani na uifunge kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya chanya ufunge kwenye chuma chakavu kisichogusana na keria. Chuma hicho kisiwe cha pua, maana kitatoa sumu ya kromu ndani ya maji. Fanya nje, mbali na moto, kwa kuwa mapovu ni hidrojeni, na zima umeme kabla ya kuingiza mkono. Baada ya saa sita hadi kumi na mbili kutu itakuwa tope jeusi la kusugua kwa mswaki, na rangi nyingi itakuwa imeachia pia. Madigadi hayatatosha yote, yageuze nusu kwa nusu.

Springi ya kubania mzigo itoe kwanza. Hidrojeni huingia kwenye chuma kigumu na kukifanya kikavu kama biskuti. Springi inaweza kukatika siku unabeba trei ya mayai.

Nimepuliza rangi ya magari juu ya rangi ya mafuta, imekunjamana kama ngozi ya mzee. Kosa ni langu au la rangi?
*Msomaji, Morogoro*

Ni la mpangilio. Thina kali ya rangi ya magari imepenya rangi ya mafuta iliyo chini, ikaivimbisha. Rangi ya mafuta inaweza kupakwa juu ya ile ya thina kali iliyokauka, kinyume chake hapana. Palipokunjamana pabanduliwe hadi chuma, msasa 180, praima, kisha rangi. Na kama safari ijayo utaona vijiduara kama macho ya samaki mara tu baada ya kupuliza, hayo ni mafuta au silikoni ya dawa ya kulainishia cheni. Acha ikauke, piga msasa wa maji namba 400, ufute kwa thina kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, cha pili kikavu cha kupangusa kabla thina haijakauka.