Maswali yenu: jinamizi, ngumi za usingizini na sura ya mwizi

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu usingizi, nikasema ubongo haupumziki hata pale mtu anapokoroma, basi mmenimwagia maswali ya ndoto, mashetani, ngumi za usiku na wezi. Nimechagua yale ambayo wengi mnayauliza kwa namna tofauti tofauti. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Dada wa Pemba anauliza: Shikamoo. Nina miaka 24, nikilala chali inafika alfajiri nashtuka macho yako wazi ila mwili hausogei, nahisi mtu kanikalia kifuani, nataka kupiga kelele sauti haitoki. Bibi anasema Popobawa, yule shetani wa usiku, karudi. Naogopa kulala.

Marahaba mdogo wangu. Hilo ndo jinamizi lenyewe, linawakaba watu Pemba, Bukavu, Muscat mpaka Kanada, tofauti ni nani tu anayeambiwa kakalia kifua. Iko hivi: kila baada ya dakika 90 hivi ubongo unaingia kwenye usingizi wa ndoto, macho yanachezacheza chini ya kope. Waliotangaza habari hiyo ni Eugene Aserinsky, mwanafunzi, na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, Chicago, mwaka 1953. Sasa kwenye awamu hiyo ubongo unachemka karibu sawa na wa mtu aliye macho, unakimbia, unapigana, unaruka ukuta, kwa hiyo shina la ubongo, kule nyuma karibu na shingo, linafunga kufuli, yaani linatuma amri kwenye uti wa mgongo kwamba misuli ya mikono na miguu ilegee kabisa. Inayobaki inafanya kazi ni ile ya macho na msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Bila kufuli hilo ungeota unakimbizwa na mbwa ukajikuta umetokea dirishani.

Jinamizi ni pale akili inapoamka kabla kufuli halijafunguliwa. Unaona chumba, unaona neti, lakini mwili bado uko kwenye ndoto, na vipande vya ndoto vinaendelea kumwagika humo humo chumbani. Kifua kinaonekana kizito kwa sababu misuli ya mbavuni imelegea, ukijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu haikutii. Linadumu sekunde kadhaa au dakika chache, haliui. Linapenda sana anayelala chali, aliyekosa usingizi siku kadhaa, anayefanya kazi za shifti. Alfajiri ndo saa yake kwa sababu usingizi wa ndoto unarefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Lala ubavu, lala saa zile zile kila siku, na likikubana usipigane nalo, jaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu au zungusha macho.

Kuhusu bibi, usibishane naye, yeye aliiona 1995. Mwaka ule hofu ya Popobawa ilianzia huko huko Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu wakawa wanalala nje makundi kwa makundi wakiota moto, na wengi walichosimulia ni hiki hiki unachonisimulia wewe, kifua kubanwa na mwili kugoma. Lakini kitu kinachonikera kwenye stori ile ni kwamba kuna mgonjwa wa akili, mgeni tu, alipigwa na umati Unguja mpaka akafa, wakidhani ndo yeye Popobawa. Yaani jinai ya kweli ya msimu ule ilifanywa na watu walio macho kabisa.

Mama wa Morogoro: Mume wangu ana miaka 58. Mwaka huu ameanza kunipiga usiku akiwa amelala, ngumi, mateke, juzi karibu anivunje pua. Akiamka anasema alikuwa anaota anapigana na majambazi, anaomba radhi. Ndugu zangu wanasema ananidanganya, ana chuki na mimi. Nimuamini?

Mama, kwanza nikuulize na ujijibu mwenyewe kwa ukweli: mchana anakupiga? Anakutukana, anakutishia? Kama ndiyo basi usiku hauna la kujieleza, nenda dawati la jinsia polisi na usikubali stori za ndoto. Kama mchana ni yule yule mtu mpole uliyemzoea miaka yote, soma hapa vizuri.

Lile kufuli nililomweleza dada wa Pemba, kwa watu wengine linaharibika. Ndoto inakuja, misuli hailegei, mtu anacheza ndoto yake live kitandani. Ugonjwa huu ulielezwa rasmi 1986 na madaktari wa Minnesota, Marekani, Carlos Schenck na Mark Mahowald, na wagonjwa wengi wanaoenda hospitali ni wanaume waliopita miaka 50, kama shemeji. Dalili zake karibu zote umeziandika bila kujua: macho anayafumba, ndoto ni za kushambuliwa, na ukimwamsha anarudi akilini haraka na anakumbuka alichoota. Angalia na saa, mara nyingi inakuwa usiku wa manane kuelekea asubuhi.

Na hapa sitaki kukuficha. Wengi wenye ugonjwa huu, baada ya miaka, wengine kumi na zaidi, wanakuja kupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, au aina fulani ya kupoteza kumbukumbu. Ndo maana nataka aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu asiishie kuombewa tu. Amwambie daktari dawa zote anazokunywa, maana baadhi ya dawa za sonona zinaweza kuleta hali hii, na pombe ukiiacha ghafla pia. Ipo tiba ya kupunguza. Wakati mnasubiri, laleni vitanda tofauti bila aibu yoyote, toeni stuli yenye kona kali pembeni ya kitanda, na kama kuna panga chini ya uvungu, maana najua nyumba zetu, litoke chumbani.

Kijana wa Mombasa, anasomea sheria: Kuna jamaa darasani alisema Kanada mtu aliua akiwa amelala akaachiwa. Ni kweli ama porojo?

Ni kweli, na kesi yenyewe utakutana nayo tu chuoni. Kenneth Parks, miaka 23, Mei 1987 alilala kwenye kochi nyumbani kwake karibu na Toronto, akanyanyuka usiku, akaendesha gari kama kilomita 23 mpaka kwa wakwe zake, akamuua mama mkwe na kumjeruhi vibaya baba mkwe. Mkwe jamani! Kisha akajipeleka kituo cha polisi anasema nadhani nimeua watu, mikono imekatika mpaka kano na haonyeshi kusikia maumivu. Jopo la raia lilimwachia 1988, Mahakama ya Juu kabisa ya Kanada ikakubali 1992.

Usichanganye na mume wa mama wa Morogoro, hii ni kitu nyingine. Kutembea usingizini kunatoka kwenye usingizi mzito wa mwanzo mwanzo wa usiku, usio na zile ndoto ndefu. Sehemu ya ubongo inayotembea na kushika usukani imeamka, ile inayotambua "huyu ni mama mkwe" bado imezima. Macho yako wazi, na asubuhi hakumbuki kitu. Kwa Parks kulikuwa na ukoo mzima wenye historia ya kutembea usingizini, kipimo cha mawimbi ya ubongo hakikuwa cha kawaida, hakuwa na ugomvi na wakwe, mama mkwe alikuwa anampenda, na hakuwa na faida yoyote ya kupata. Mwenyewe alikuwa na madeni ya kamari na hajalala vizuri siku nyingi.

Sasa weka pembeni Scott Falater wa Arizona, 1997. Yeye alimchoma mkewe kisu mara 44 kisha akamzamisha kwenye bwawa la kuogelea, jirani anaangalia juu ya ukuta. Naye akasema nilikuwa usingizini. Lakini kisu na nguo zenye damu zilikutwa zimefichwa kwenye gari, na upande wa mashtaka ukauliza aliyelala anaficha ushahidi ili iweje. Alipatikana na hatia 1999, kifungo cha maisha. Mi naona jopo lilikuwa sawa.

Kwenu Kenya angalia kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu, Tanzania ni cha 10: mtu hawajibiki kwa kitendo kilichotokea bila utashi wake. Ila ugomvi mkubwa wa kesi ya Parks ulikuwa mwingine, je kutembea usingizini ni ugonjwa wa akili? Majaji wangesema ndiyo asingeachiwa hivi hivi, angeweza kuwekwa kwenye taasisi, kwetu Tanzania hiyo ndo njia ya kwenda Isanga, Dodoma, wanakowekwa wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Walisema hapana, akaenda zake nyumbani. Ukiandika insha yako bishana hapo.

Binti, hakutaja mji: Niliota nimemuua dada yangu. Nina roho mbaya?

Hapana. Kwenye usingizi wa ndoto sehemu za ubongo za hofu na hasira zinawaka sana na ile ya mbele ya kupima mambo inapoa, kwa hiyo ndoto za kuua, kuzini na kuiba wanaota mashehe na mapadri pia. Mpigie dada umsalimie.

Baba wa Mwanza: Mtaani kwetu wazee wanasema mwizi unamjua kwa sura. Kuna ukweli wa kisayansi?

Kuna mtu alijaribu kuufanya sayansi. Cesare Lombroso, daktari wa Italia, alipasua fuvu la mwizi mmoja wa Calabria akaona kishimo ndani kwa nyuma, akaamini kaona alama ya mhalifu wa kuzaliwa. Mwaka 1876 akatoa kitabu: taya kubwa, masikio yaliyosimama, mikono mirefu, tatuu. Dunia ikamshangilia. Baadaye daktari wa magereza Uingereza, Charles Goring, akapima wafungwa kama 3,000 akawalinganisha na watu wa kawaida, wakiwemo wanajeshi na wanafunzi wa vyuo vikuu, na mwaka 1913 akaandika kwamba hakuna sura ya mhalifu. Wazee wa mtaani hawajapata taarifa. Na mnajua kinachofuata kwetu mtu akiitiwa mwizi kwa sababu tu ana macho mekundu na suruali ya jinzi imechanika, tairi na petroli, kwa hiyo baba likija tena hilo barazani usicheke nao.

Mama wa Dar: Mwanangu alikuwa kijana wa heshima, anaendesha bodaboda, alipata ajali bila helmeti akazimia siku mbili. Mwili umepona ila sasa anatukana, anakopa hovyo, ameiba simu ya mjomba wake. Wanasema karogwa, wengine bangi. Ni nini?

Pole sana mama. Nimekuwekea la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli, Phineas Gage, alipigwa na mlipuko, mtaimbo wa kilo 6 ukaingia chini ya shavu ukatokea juu ya kichwa. Hakufa, alizungumza dakika chache baadaye. Lakini daktari wake aliandika kwamba mtu mwenyewe alibadilika, matusi, kigeugeu, hasikii ushauri. Sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso ndo breki ya tabia, na kwenye ajali za pikipiki ndo inaumia sana hata fuvu lisipopasuka. Kinachosahaulika ni kwamba Gage baadaye aliendesha magari ya farasi ya abiria nchini Chile kwa miaka, kazi inayotaka utulivu, kwa hiyo inaonekana alirudi kwa kiasi kikubwa.

Simu ya mjomba irudishwe, mjomba aelezwe. Fedha kijana asishike peke yake kwa sasa, na pikipiki asiiguse, hilo sina mjadala nalo. Mpeleke MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, useme wazi wazi kwamba tabia ilibadilika BAADA ya ajali, maana akiingia yeye peke yake atajibu yuko poa. Beba karatasi za siku ile alipolazwa na picha za kichwa kama zipo, na aende na mtu anayemfahamu tangu kabla hajaumia.